Glavu za Kagiri

Mbula alizaliwa Sarang'ombe, Kibera, na hasira yake ikazaliwa siku hiyo hiyo. Kazi yake ni kusuka. Kuna mteja aliwahi kumwambia "harakisha", akatolewa kwa kiti akiwa amesukwa upande mmoja. Huyo dada alitembea wiki nzima na nusu kichwa, halafu akarudi kuomba msamaha. Mbula akammalizia. Yeye hakuomba.

Alipoolewa na Muchiri alihamia Kongo, Kawangware, kwa ploti ya mama mkwe, Shosho Wamuyu. Mtoto wa kwanza akatoka kijana. Kwa Wakikuyu kijana wa kwanza anabeba jina ya babake babake, kwa hivyo akaitwa Kagiri, kama marehemu bwana ya Shosho. Tangu hapo kila asubuhi Shosho alikuwa anaingia kusalimia bwana yake.

"Mzee wangu ameamka?"

"Ameamka na amekunya."

"Huyo ni yeye kabisa."

Sasa Shosho hangeacha mzee wake apigwe na baridi. Alimvalisha kofia mbili za mavini, sweta tatu na shali nne. Mikono akaitia kwa glavu za sufu alizofuma mwenyewe, akazifunga na fundo. Mtoto wa wiki tano akabaki kama gunia ya sukuma wiki. Hata uso ulifunikwa, ndio watu wa ploti wasimkodolee macho.

Shida ilikuwa moja. Kagiri alikuwa ananyamaza, ananyamaza, halafu analipuka. Mbula akikimbia kumpa titi, mtoto anakaza mgongo, anarusha kichwa, analia mpaka anachoka, analala bila kunyonya ya maana. Alizaliwa na kilo tatu na gramu mia moja. Alhamisi, kliniki, nesi aliandika tatu na mia mbili.

"Unamnyonyesha saa ngapi?"

"Akilia."

"Akilia umechelewa, mama. Kulia ndio mwisho. Kabla ya hapo anageuza kichwa akitafuta, anafungua mdomo, analamba midomo, anapeleka mkono kwa mdomo. Ukiona hizo, mpe, mchana na usiku, mara nane, kumi, hata zaidi. Akifika kulia, mtulize kwanza kifuani, ndio umpe. Usimpe kitu ingine. Rudi Alhamisi nimpime tena."

Mbula alirudi akakaa akimwangalia mtoto siku mbili. Hakuona mkono. Hakuona mdomo. Aliona shali.

Jumamosi asubuhi Shosho aliingia na chupa ya mtoto, imejaa maziwa ya ng'ombe.

"Maziwa yako ni kama chai ya kibanda," alisema. "Maji mingi, rangi kidogo. Leo nampatia hii. Mzee wangu hatakufa mara mbili nikiangalia."

Mbula alijua hiyo chupa ikiingia kwa hiyo mdomo, ploti nzima itasema matiti yake ni mapambo. Lakini hiyo haikuwa ndiyo ilimuuma zaidi. Ilimuuma kwa sababu hakuwa na uhakika Shosho anakosea.

Shosho akainua gunia lake.

"Shosho, weka mtoto chini."

"Ama?"

"Ama nisahau wewe ni mamake Muchiri."

Majirani wawili wakatokea mlangoni na beseni zao, maana fujo ya Kongo haina tiketi. Mbula alimnyakua mtoto akamlaza kitandani.

"Unataka kuona vile nimemkondesha? Njoo uone!"

Akamvua shali, moja, mbili, zote nne. Akamvua mavini. Akamvua sweta. Fundo ya glavu ikakataa, akaikata na meno.

Kagiri akabaki na nepi. Hakulia. Alinyoosha vidole kama mtu ametoka rumande. Mkono ukapanda polepole, ukapotea njia, ukafika mdomo. Akafyonza ngumi. Akalamba midomo. Halafu akageuza kichwa upande wa Mbula, mdomo wazi, kama mtu ana neno na hataki kusumbua.

Shosho aliketi.

"Huyo ni Kagiri," akasema.

"Si ndio jina yake?"

"Nyamaza wewe. Miaka thelathini na moja mzee hakuwahi kuniambia ana njaa. Alikuwa anajifuta mdomo na mkono, hivi. Halafu anaangalia jikoni. Kama sijaleta, analamba midomo. Ukingoja aongee umechelewa. Anapiga meza, anafoka, na hiyo chakula ukileta hakuli. Analala na njaa yake na hasira yake."

"Na ukamfunga mikono."

"Nikamfunga mikono," Shosho alisema.

Mbula alimweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akampa titi. Kagiri aliishika na mdomo mzima, kidevu kikazama, na wote wakamsikia akimeza. Shosho akachukua shali moja akamfunika mgongo. Mbula aliiangalia hiyo shali. Akaiacha.

Wiki hiyo Shosho alilinda mtoto kama askari wa geti. Mbula akiwa nje anasuka, alisikia tu, "Mama Kagiri! Mzee ameangalia jikoni!" Anaacha kichwa ya mteja katikati, anaingia. Wateja walingoja. Hakuna aliyetaja kuharakisha.

Alhamisi wote wawili walienda kliniki. Mtoto alikuwa na sweta moja, shali moja, mikono wazi. Mizani ikasema tatu, mia nne na sitini. Nesi akaangalia mara mbili.

"Mmempa nini?"

"Titi," Shosho alijibu kabla Mbula afungue mdomo. "Ni mwanaume wa heshima. Lazima umsome."

Juu ya mizani mkono mdogo ukaanza kupanda. Shosho ndiye aliona kwanza.

"Sista," alimwambia nesi, "harakisha."

Mbula alisikia hilo neno vizuri kabisa. Akafungua vifungo viwili vya blauzi, akaharakisha.