Siye Banani?

Wiki ile kabla ya mahojiano sikukaa kitako. Naanza kuosha vyombo, naviacha. Nafungua kitabu, nafunga. Natoka mpaka barabarani pale kwetu Bulengera, Butembo, natazama pikipiki zinavyopita, narudi ndani. Mama alisema nitamaliza sakafu kwa miguu. Lakini niliitaka ile bourse, ufadhili wa kusomea chuo. Diplome ya taifa nilikuwa nayo, alama zilikuwa nzuri, na nyumbani hakuna aliyeweza kunilipia chuo hata mwaka mmoja. Nikiikosa, ningebaki kuuza vitenge sokoni na mama, na mimi vitenge sivijui wala sivipendi.

Tatizo halikuwa alama. Wenye bourse walitaka kujua mtu anafanya nini nje ya darasa, mambo wanayoyaita activités parascolaires. Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, aliwahi kupita mahojiano kama hayo, na wiki nzima alinifundisha vyeo. Kwa maoni yake huwezi kusimama mbele ya watu wale bila kuwa rais wa kitu. Basi nikawa rais wa klabu ya Kiingereza, makamu wa rais wa klabu ya mazingira, mshauri wa kwaya ya vijana. Sikudanganya, vyeo nilikuwa navyo kweli. Butembo hukosi cheo. Wakikutana watu wanne, mmoja ni rais, wa pili makamu, wa tatu mtunza fedha, na wa nne anafanywa mshauri ili asinune. Klabu yetu ya mazingira ilikutana kuchagua kamati, ikapiga picha, ikaisha.

Mahojiano yalikuwa Beni, upande wa Mavivi, katika ukumbi wa kukodi. Nilipanda pikipiki alfajiri, nikakariri vyeo vyangu mgongoni kwa dereva mpaka akauliza kama nasali rozari. Kila kizuizi cha askari tulichosimamishwa niliona saa inakimbia, na moyo unaikimbiza.

Mezani walikuwa watatu: wanaume wawili na mama mmoja wa makamo mwenye kilemba cha kijani. Wakanionyesha kiti cha plastiki. Nikakiinua, nikakipindua, nikatazama chini yake, nikakirudisha na kukaa. Sikujua nimefanya hivyo mpaka nilipoona wale wanaume wanatazamana.

Nikamwaga vyeo vyote. Mmoja akaanza kuchezea kalamu, mwenzake akatazama dirishani, na kadiri walivyochoka ndivyo nilivyozidi kusema haraka. Yule mama alisubiri nimalize.

"Chini ya kiti ulikuwa unatafuta nini?"

Nikamweleza kwamba ni mazoea tu. Kwetu mtu akifa, viti vya matanga hukusanywa nyumba kwa nyumba, na viti vya plastiki vinafanana vyote. Baada ya matanga fulani, mama wawili wa avenyu yetu, mtaa mmoja, waligombania kiti mpaka wakaacha kusalimiana, na walikuwa wa kwaya moja. Ndipo tukaanza kufunga kipande cha kitambaa chini ya kila kiti, kila nyumba rangi yake. Siku ya kukusanya tunafunga, siku ya kurudisha tunapindua na kutazama. Na katika miaka hii yetu ya vita matanga hayaishi, kwa hiyo kazi nayo haikuisha.

"Siye banani?" akauliza.

Hao sisi ni akina nani? Sikuelewa anataka nini. Kwetu mtu hasemi "miye nilifanya". Akisema hivyo ataitwa mwenye kiburi kabla hajafika mwisho wa avenyu. Hata ukilima peke yako tangu asubuhi, jioni unasema tumelima. Nikamjibu kwamba ni siye vijana wa pale.

"Bitambaa, nani alikuwa anakata? Biti, nani alikuwa anarudisha?"

Nikasema, kwa sauti ya mtu aliyekamatwa akiwa na kuku wa jirani, "Ni miye."

"Na bale bengine?"

"Banasaidiaka siku ya kubeba. Kisha banachoka."

Yule wa dirishani akageuka. Kuanzia hapo waliniuliza habari za viti tu: nani alinituma, nafanyaje mtu akikataa kutoa, rangi zikiisha inakuwaje. Hakuna aliyerudi kwenye urais wangu, na nilikasirika kidogo, kwa maana niliuhangaikia. Mwishoni yule mama akataka kujua nani atabaki na kazi hiyo nikienda chuo. Nikajibu bila kufikiri kwamba hapana mutu.

Njia nzima ya kurudi Butembo jibu lile lilinisumbua. Kama hakuna mtu, basi sikujenga kitu. Kama yupo, basi mimi si wa lazima. Nililipindua huku na huku mpaka dereva akaniomba nitulie, pikipiki inayumba.

Walinikubali. Nilimkuta mama sokoni, nikamwambia, akalia, akanishika kichwa kwa mikono miwili, na siku hiyo hakubishana bei na mtu. Jioni nikamuuliza lile swali la Beni, nikijifanya natania: nikienda, viti vya matanga atarudisha nani? Nilitaka aseme hakuna. Nilitaka ahuzunike kidogo kwa ajili yangu.

Mama alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua hata macho.

"Biti biko na benyewe, mutoto yangu. Siye tutarudisha."

"Siye banani?"

Hapo ndipo mikono yake iliposimama. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, hakuwa na hasira. Kisha akarudia neno lile lile, polepole, kama anavyosemeshwa mgeni ambaye hajui lugha yetu.

"Siye."

Siye ile ilikuwa imetimia bila mimi, na niliumia kuliko ambavyo ningeumia kama ningeikosa bourse.