Habari Isiyosemwa Njiani

Natnael aliletewa habari ya kifo cha mjomba wake kwa simu, akiwa amesimama kwenye chumba cha kufulia nguo cha bweni lao mjini Jena, Ujerumani. Aliyempigia ni jirani wa nyumbani Debre Birhan, mweka hazina wa chama cha kuzikana, mtu asiyejua kuzungusha maneno. Mjomba wako Zeleke alianguka pale kwenye mashine yake ya kusaga, akasema, na tumekwisha kumzika. Binti yake Ledet asijue. Mfikishe kwa watu.

Nyuma ya Natnael kijana mmoja wa Kijerumani alikuwa akingoja mashine. Natnael alitoa nguo zake zikiwa bado zinachuruzika maji, akampisha.

Kwetu mtu haambiwi msiba kwenye simu, wala haambiwi akiwa peke yake. Anaachwa ale, alale, na alfajiri watu wazima wanamwendea kwa pamoja na kumwambia wakiwa wamemzunguka. Aliye ugenini anatafutiwa watu hao popote walipo. Jena hawakuwapo. Watoto wa Ethiopia pale walikuwa watatu tu: Natnael, Ledet binti wa marehemu, na Surafel, aliyekuwa na gari bovu na moyo mzuri. Frankfurt ndiko kwenye kanisa na kasisi na wazee. Basi ikapangwa safari ya mwisho wa wiki. Ledet aliambiwa kwamba Jumapili ni sikukuu ya Bibi Mariamu, wakasali huko, watembee kando ya mto, wale injera, mkate wetu wa nyumbani, kwa Mama Yewubdar, mzaliwa wa mji wao. Alikubali hata kabla maneno hayajaisha.

Natnael hakuwahi kumwona baba yake mzazi, na mama yake, dada wa Zeleke, alifariki yeye akiwa bado hajajua kutembea vizuri. Zeleke alimfuata kijijini na kumbeba mgongoni, amemfunga ndani ya shuka lake zito la kujitanda. Siku ya kumwandikisha shule mwalimu aliuliza jina la baba wa mtoto. Zeleke, nyusi zikiwa nyeupe kwa unga, akasema aandikwe yeye. Tangu hapo akawa Natnael Zeleke, kama Ledet alivyo Ledet Zeleke, nao walikua wakigombania mto mmoja wa kulalia. Hata hivyo alimwita mjomba, maana ndivyo alivyofundishwa.

Kilichomsumbua wiki ile ni uongo. Alikuwa mtu wa sala, akampigia simu Kasisi Melaku wa Frankfurt kuuliza kama anatenda dhambi. Kasisi akamjibu, "Mwanangu, umebebeshwa mtungi uliojaa. Usiumwage njiani, basi."

Jumamosi asubuhi waliondoka. Ledet alikaa mbele, miguu juu ya kiti, na kabla hawajautoka mji alikwisha kuanza.

"Surafel, hili ni gari au ni kifua kikuu?"

"Shuka utembee, binti wa mashine ya unga. Sisi tutakukuta huko huko."

Alijaribu kumpigia baba yake, simu haikushika. Nyumbani walikuwa wameizima na kusambaza maneno kwamba mtandao umekatika, jambo ambalo halimshangazi mtu yeyote wa kwetu. Akasema atampigia kesho baada ya ibada, amwambie amemwombea goti lake linalomsumbua. Natnael, kiti cha nyuma, aligeukia dirishani akaitazama misonobari.

Walipoipita Eisenach, Ledet alimgeukia.

"Nate, mbona umenuna? Umeachwa nini?"

"Niachwe na nani? Kwani nani alinichukua?"

Ledet alicheka, kisha akataka kile alichokuwa akikitaka kila walipokuwa pamoja: Natnael amwigize Baba akigombana na yule mama aliyeleta shayiri yenye changarawe. Natnael alisema amechoka. Ledet akasema mtu hachoki kumwigiza mjomba wake. Surafel aliingilia, akauliza kama kuna anayetaka muziki, naye akaambiwa anyamaze aendeshe kikohozi chake. Natnael aliona kwamba akikataa tena ataulizwa sababu.

Basi akakaza shingo, akashusha nyusi, akaivuta sauti ya Zeleke kutoka kifuani. "Mama, mimi nasaga shayiri. Mawe mpelekee mwanao ajengee nyumba."

Ledet alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio wake. "Mpaka na pumzi yake! Rudia tena."

Alirudia. Surafel alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayejifunza. Mbele kidogo Natnael aliomba wasimame kwenye kituo cha mafuta. Akaingia msalani, akafungulia maji ya bomba mpaka mwisho, akaliuma shuka alilojitanda mabegani, akasema, "Bwana, nibebee wewe mtungi huu mpaka kesho, halafu nitaupokea mwenyewe." Aliporudi alikuwa amewanunulia kahawa.

Mama Yewubdar aliwapokea mlangoni. Alimshika Ledet mashavu akambusu mara nyingi, akamketisha, akaanza kumlisha kwa mkono wake, tonge juu ya tonge, akisema amekonda, Wajerumani wanawalisha nini. Ledet alilalamika kwa raha kwamba atapasuka. Natnael alielewa kwamba mama yule anamlisha kwa ajili ya siku ambazo chakula kitakataa kupita. Mchana ule alikuwa pia amewazungukia majirani wa jengo lile na kuwaeleza kwamba alfajiri kutakuwa na kilio nyumbani kwake, wasiite polisi.

Ledet alilala mapema, ameshiba.

Alfajiri walikuja wawili wawili, wakipanda ngazi polepole, wanawake wakiwa wameigeuza mitandio yao, pindo lenye nakshi likiwa juu shingoni. Mtoto wa kwetu hahitaji kuelezwa maana yake. Ledet alitoka chumbani, akayaona yale mapindo, akauliza, "Nani?"

Kasisi Melaku akamwambia akae. Kisha akasema, "Mwanangu, baba yako Zeleke amepumzika."

Wanawake walimdaka. Kilio kilijaa nyumba, wakamtaja Zeleke na mashine yake, na wajane aliowasagia bila kupokea kitu. Natnael alikuwa akileta viti. Alileta maji, akachemsha kahawa, akapokea makoti. Wazee walimshika bega wakimsifu kwamba ameifanya kazi ya kiume. Mmoja akamtuma kwa jirani akaongeze viti. Hakuna aliyempa pole, kwa kuwa yeye ndiye aliyeileta habari, wakamhesabu miongoni mwa wafariji.

Sauti ya Ledet ilipokauka, aliinua macho akamwona amesimama na birika.

"Nate alijua lini?"

Mama Yewubdar akasema tangu Jumanne, alipigiwa simu.

"Alikuwa na nani?"

Natnael akajibu mwenyewe. "Nilikuwa na mashine ya kufulia." Alitaka lisikike kama jambo dogo.

"Nami nikamlazimisha amwigize," Ledet alisema. Kisha akamgeukia kasisi. "Baba, mwambieni na yeye."

"Anajua, mwanangu."

"Alipigiwa simu. Hakuambiwa."

Akina mama wazee walikwisha kuinuka. Mmoja alimpokonya birika, wengine wakamvuta mpaka kwenye godoro, wakamketisha ubavuni kwa Ledet, wakamzunguka. Natnael aliwaambia hapana haja, yeye yuko sawa, jikoni kahawa itamwagika. Hawakumsikiliza. Kasisi alikuja akasimama mbele yake, akaliweka sawa shuka lake, akasema kama mtu anayemwambia asiyejua kitu.

"Natnael Zeleke, mwanangu. Baba yako amepumzika."

Alifungua kinywa aseme kwamba ameshasikia. Kilichotoka hakikuwa maneno. Alianguka mbele, mikono mingi ikampokea, na kwa muda mrefu nyumba nzima ilimlilia yeye. Ledet alikichukua kichwa chake akakiweka mapajani, na kwa sauti ile iliyokwisha kukauka akaanza kumlilia Zeleke upya, akimuuliza amewaachia nani watoto wake wawili.