Mama Iko na Sukari

Katika mji wetu wa Koboko, miaka ile ya sabini, neno sukari halikutajwa ovyo. Sukari ilikuwa imepotea madukani. Aliyekuwa nayo aliificha, aliyeificha aliitwa mlanguzi, na mlanguzi alifuatwa na wanajeshi mpaka chumbani. Chai tulikunywa hivyo hivyo, na mgeni akikunja uso tulimwambia azoee.

Sasa katikati ya watu wa namna hiyo, mama yangu akaugua ugonjwa wa sukari.

Hospitalini Arua walichemsha mkojo wake na dawa ya bluu, ikageuka rangi ya tofali, wakamwambia aache vitu vitamu. Mama hakuwa mtu wa nusunusu. Aliacha sukari, akaacha nyama, akaacha na maharage, akabaki na uji mwepesi na chai. Akiishiwa pumzi kwa kufagia tu, tulisema ni sukari. Akitafuna udongo wa kichuguu kwa kujificha, sukari tena. Ugonjwa mmoja ulibebeshwa mizigo yote.

Kisha kidole chake cha mguu kikaanza kuoza. Daktari wa Arua alikitazama, akashusha ukope wa jicho la mama, halafu akamdunga mkononi na kudondosha damu kwenye karatasi nyeupe. Akailinganisha na rangi nyekundu za kijitabu chake. Damu ya mama ilikuwa imepauka kuliko zote, na mimi nikaogopa.

"Hii si sukari peke yake," alisema. "Damu iko kidogo, nakosa chuma. Nikikata hii kidole leo, mama nakufa kwa meza. Kula dawa, damu napanda, halafu rudi. Lakini kidonda haingoji."

Alitupatia kopo la vidonge vyekundu vya kuongeza damu. Vilikuwa vimepakwa utamu kwa nje ili vimezeke, naye akamhakikishia mama kwamba utamu huo mdogo hautamdhuru.

Mama alivimeza, akarudia kula maini na maharage. Rangi ikaanza kurudi midomoni. Asubuhi moja alinigombeza kwa sauti ya zamani, kisa sufuria chafu, na nilifurahi sana kugombezwa.

Tatizo lilikuwa mama mdogo. Huyu mdogo wa mama aliuza samaki wakavu sokoni, na siri kwake ilikuwa kama maji kwenye chujio. Wenzake walipomuuliza habari za nyumbani, alijibu kwa sauti ya kuitia wateja: "Dada yangu iko na sukari! Mingi sana! Daktari ya Arua alipima, akashangaa."

Yeye alisema ugonjwa, soko likasikia bidhaa. Jioni majirani wawili walikuja na vikombe. "Mama, saidia na sisi, hata kidogo." Tulicheka sana. Maji yakimwagika hayazoleki, na kesho yake wakaja wanajeshi.

"Sukari iko wapi?" aliuliza mkubwa wao.

"Iko ndani ya damu yangu," mama alijibu.

Alisema kweli tupu, na yule mtu akadhani anachezewa. Walipindua godoro, wakamwaga unga, wakachokoa hata jivu la jikoni. Mwishowe akalipata kopo.

"Hii nini?"

"Dawa ya damu, mwanangu."

Alitia kidonge kimoja kinywani, akakinyonya polepole. "Tamu! Na wewe nasema sukari hakuna." Akalitia kopo mfukoni. Nilipiga kelele, mama mdogo akanifunika mdomo. Nilimchukia siku ile, maana mdomo wa kufunikwa ulikuwa wake.

Zahanati ya Koboko haikuwa na vidonge hivyo. Petroli nayo iliadimika, magari ya kwenda Arua yakawa ya kubahatisha, na kila siku tulirudi kutoka stendi tukiwa tumemshika mama mikono. Midomo yake ikapauka tena. Alirudia udongo, sasa bila kujificha, na nilipomkataza alisema mwili ndio unaouomba.

Tulipopata lori hatimaye, daktari alifungua kitambaa cha mguuni. Kisha akaweka kiganja chake chini kidogo ya goti.

"Daktari," mama alisema, "si ulisema kidole?"

"Ilikuwa kidole, mama."