Zizi la Nuhu

Nilipokuwa mtoto wa kuchunga ndama, Mdachi akitawala na reli ndiyo kwanza inafika Dodoma, ilitokea angani nyota yenye mkia. Wazee wa kwetu walisema ni njaa inakuja. Waliokuwa wakienda kwenye mafundisho ya Kikristo walisema ni Bwana anarudi. Baba alikuwa mwanafunzi mpya wa ubatizo, na mwanafunzi mpya, jamani, ana moto kuliko mwalimu wake.

Jumapili hiyo mwalimu alifundisha kwamba Bwana atarudi kama ilivyokuwa siku za Nuhu: watu wanakula, wanaoa, mara gharika. Wengine walisikia habari za dhambi. Baba, mfugaji, alisikia habari za wanyama. Alirudi akamwambia mama, "Nuhu aliwaingiza wanyama wake wote mapema. Na mimi nawakusanya wangu."

Kwa asiyetujua, Mgogo hafugi ng'ombe wake wote nyumbani. Huwagawa kwa marafiki, wawili huku, wanne kule. Rafiki anakunywa maziwa, ng'ombe wanabaki wako, na siku ya shida una mahali pa kupiga hodi. Baba alikuwa na wengine Bahi, na wengine mbali kabisa, Kolo, kwa rafiki yake Mrangi.

Mwalimu mwenyewe aliposikia alikuja mbio. "Ndugu yangu, siku ile hakuna aijuaye."

"Ndiyo maana sitaki kuchelewa," baba akajibu.

Bibi, mama yake baba, alikuwa anapepeta uwele. Hakuinua hata kichwa. "Mwanangu, unakirahisishia kifo safari. Kilikuwa kizunguke nchi nzima, sasa kitaingia mlango mmoja."

Baba alimwambia hayo ni mambo ya giza. Akaenda, akawarudisha wote. Sitasema uongo, zilikuwa siku nzuri. Maziwa mpaka mbwa wakashiba. Kila alfajiri baba alitusimamisha mimi na mdogo wangu Chedego juu ya paa la tembe, tumenawa uso, tukimngoja Bwana. Chedego alisinzia akiwa wima.

Nyota ikafifia, ikapotea. Bwana hakuja. Ikaja sotoka. Ng'ombe walianza kutoa machozi na makamasi, wakaharisha, wakaanguka, wote katika zizi lile lile. Zizi lililokuwa halina pa kukanyaga likabaki na nzi. Na mvua mwaka huo ikagoma. Tulikula mizizi, tukala ngozi za kulalia. Chedego akavimba miguu, akaacha hata kulia. Mama alisema wazi, asipopata nafaka huyu anakufa.

Baba akanishika mkono tukaenda Kolo, kwa kuwa huko walikuwa wamevuna kidogo. Rafiki yake alitupokea vizuri, tukapewa uji. Kisha akasema, bila hasira, "Ng'ombe wako wangekuwa hapa, ungechukua uwele bila kuniomba. Uliwaondoa mwenyewe. Sasa nikupe kwa lipi?"

Baba aliweka bakuli la uji chini. Halafu akanitazama mimi.

Hakuna aliyenieleza kitu, wala sikuuliza. Walifunga mizigo ya uwele juu ya punda wa kuazima, mimi nikabaki rehani. Baba akasema, "Nitakufuata mvua zikinyesha." Nikasema, "Haya." Mke wa mwenyeji akanipa ungo. Watu huniuliza, ulilia? Sikulia. Nilikuwa nimeshiba uji, na zaidi ya shibe ile sikusikia kitu, si uchungu, si hofu. Nilianza kupepeta.

Mvua zilinyesha, zikanyesha tena. Baba alikuja kunikomboa nimeshaota matiti, anaswaga mtamba mmoja. Alinikuta nasaga.

"Mbukwa, baba," nikamwamkia.

Akachuchumaa, akaanza kulia, mwanamume mzima. Akasema Chedego yu hai, anakimbia. Nikasema vizuri. Nikamalizia kusaga, maana unga wa watu hauachwi njiani, ndipo nikafunga nguo zangu. Nyumbani mama alinikumbatia mpaka akakosa pumzi. Nilisimama tu nikamngoja amalize.

Simlaumu baba. Alitaka tuokoke wote, nyumba nzima, na alikuwa na haraka. Nami nilibatizwa, ninasali mpaka leo. Ila hofu ya mwisho wa dunia sina, na furaha yake pia sina. Wenzangu wanadhani ni imani. Mimi najua ni ganzi tu, ilinishika Kolo na haikuniachia.

Chedego sasa ni mzee wa kanisa. Anapenda sana kuhubiri habari za siku ile, watu wawili wako shambani, mmoja atatwaliwa, mmoja ataachwa. Akifika hapo sauti hukatika, huwahurumia mno walioachwa. Mimi hukaa benchi la mbele, namtazama. Kwetu aliyetwaliwa ni mimi. Yeye aliachwa, akala, akakua.