Niliikata Kanga ya Marehemu Mama Yake

Kosa ni langu. Nimezunguka nalo tangu masika. Nashika uzi naacha, nafagia uwanja ambao nimeshaufagia, na leo naona heri nilitoe hapa ambapo hakuna anayenijua.

Sisi ni wanawake saba wa mtaa wa Pasiansi. Kila Jumamosi tulikuwa tunakutana kibarazani kwangu kufuma mablanketi ya watoto waliokosa wa kuwalea kwao, wakapelekwa kwa mama walezi. Hatulipwi. Mimi ndiye fundi kati yetu, na nilipenda sana kuitwa fundi.

Mmoja wetu, nitamwita Mama Rehema, alipokea binti wa miaka sita kutoka Magu. Tumwite Kabula. Mama yake alikuwa amefariki, na kitu pekee alichokuja nacho ni kanga ya huyo mama, imechanika pembeni. Alikuwa haachani nayo. Mama Rehema akaniomba niupinde ule ukingo kabla haujachanika zaidi. Mtoto alikubali iondoke kwa siku moja tu.

"Dada, usiifue," Mama Rehema aliniambia. "Bado ina harufu ya mama yake."

Nilimsikia vizuri kabisa.

Lakini kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kugawa mablanketi. Wageni wanakuja, picha zitapigwa. Nikaitazama ile kanga, imefubaa, inanuka moshi na dagaa. Nikajiambia, mtoto wa watu ajifunike tambara hili? Nikailoweka kwenye sabuni ya unga, nikaianika juu ya jiwe nyuma ya nyumba. Ilipokauka nikachukua mkasi. Nikakata vipande, nikavishonea katikati ya blanketi la njano nililokuwa nimemfumia. Jamani, lilipendeza! Wenzangu walinisifu mpaka kichwa kikavimba.

Kabula alikuja na gauni la kanisani. Akaniamkia, akalipokea kwa mikono miwili. Akalinusa. Akaligeuza, akanusa upande wa pili. Kisha akalikunja taratibu, akaniwekea mapajani.

"Bibi, naomba ile nyingine."

Nikamwonyesha vile vipande, nikamwambia kanga yake ndiyo hii, sasa imekuwa nzuri. Hakulia. Heri angelia!

Mama Rehema aliponiuliza mbele ya watu kwa nini nimeifua, nikafanya la pili, baya kuliko la kwanza. Nilisema hakuniambia lolote kuhusu kufua. Wenzangu wakamgeukia yeye. Mwanamke aliyejitolea kulea mtoto asiye wake akasemwa kibarazani kwangu kwamba hajali, na mimi nimeinama nakunja nyuzi.

Wiki tatu sikutulia. Nilikuwa nikishika njia ya kwake, nafika katikati, narudi. Siku niliyofika nilimwambia yote, na Jumamosi iliyofuata nikawaambia wenzangu wote kwamba nilidanganya. Mama Rehema hakunifokea. Alisema amenisamehe, ila kwake nisiende kwanza. Sikuhitaji kuuliza sababu. Siku ile Kabula aliponiona mlangoni aliokota ndala zake na daftari lake, akaingia navyo uvunguni mwa kitanda, na muda wote niliokaa pale hakutoka.

Sasa wenzangu wanafumia kwa mwingine. Hakuna aliyenikataza kwenda, ila miguu inakataa. Nafuma peke yangu, safu mbili, nafumua, naanza upya. Ile harufu niliimwaga na maji ya sabuni, na hakuna ufundi wa kuirudisha.

Wewe unayesaidia watoto, nakuomba. Kitu unachokiona tambara, usikiguse kwa sababu tu wewe ni mkubwa na nia yako ni njema. Ukikosea, beba kosa lako, usimtwishe mwenzako. Na kwanza kabisa muulize mtoto mwenyewe. Akisema hapana, mrudishie kitu chake kama kilivyo, hata kama wageni wameshafika mlangoni.