Aliwahurumia mbu, utafiti ukalala chali

Saa moja asubuhi. Nje bado kuna ubaridi, lakini ndani ya chumba cha mbu joto ni zito na lenye unyevu, kiasi kwamba mgeni akivuka mlango tu shati linamganda mgongoni. Mzee mmoja mwembamba, koti jeupe limempwaya, anaingiza mkono kwenye kizimba cha wavu na kuwaacha mbu watue.

Hakunji hata uso. Anawatazama wakijaa tumbo mmoja mmoja huku akisimulia mechi ya jana, na jinsi kipa alivyowaangusha.

"Hawa hawana ugonjwa," anasema bila kuulizwa. "Wamezaliwa humu, mama zao wamezaliwa humu, bibi zao vilevile. Huko mtaani hawakujui."

Chuoni wanamwita Baba Mbu, na mlinzi wa getini anaapa hajui kama ana jina jingine. Kwa miaka kumi na minne amekuwa akiwalea mbu wanaotumika kwenye utafiti. Anawalisha viluwiluwi chakula cha samaki, anabadilisha maji kwenye masinia, na wanapokuwa wakubwa anawawekea pamba iliyolowa maji ya sukari. Akitaka kuwahamisha huwavuta kwa pumzi, kwa mrija mrefu wa mdomoni. Wanafunzi wanaomwiga huishia kukohoa, naye huwacheka mpaka machozi yamtoke.

Siku hizi hacheki sana. Kuna jambo lilitokea humu ndani, na ukimgusia tu anashusha mkono na kutazama sakafu.

Lilianza na sabuni. Daktari wa watoto, mama aliyechoka kuona wodi yake ikijaa homa kila msimu wa mvua, alitaka kupata sabuni ya kuogea itakayowafukuza mbu. Akamtafuta mtaalamu wa wadudu, akamtafuta mwanahesabu wa kupima matokeo, kisha akamwita mkufunzi wa chuo cha ualimu, ili sabuni ikifaulu walimu wapya waende nayo shuleni. Wasomi hao kwa kawaida hata chai hawanywi pamoja. Safari hii walikaa meza moja, na ilikuwa furaha kuwatazama.

Jaribio lenyewe halikuwa na mambo mengi. Mtu wa kujitolea ananawa mkono kwa sabuni, mwingine ananawa kwa maji matupu, kila mmoja anauingiza kwenye kizimba chake, na watafiti wanahesabu mbu wanaouma. Vizimba vya sabuni vilifungwa utepe wa kijani, vya maji vikafungwa mweupe. Kazi ya Baba Mbu ilikuwa kuondoa pamba ya sukari kwenye vizimba vyote jioni ya kuamkia jaribio, ili mbu waamke na njaa.

Matokeo yalikuwa ya kutia wazimu. Mkono wa maji ulishambuliwa, wa sabuni ukaguswa na mbu wachache tu. Miezi ikapita, majibu yakawa yale yale. Daktari alikaribia kucheza ukumbini, na wafanyakazi wote wakagawiwa vipande vya sabuni wapeleke nyumbani.

Baba Mbu alivipeleka kwa mbwembwe. Nyumbani anaishi na mwanawe, mkwe wake, na mjukuu wa kiume ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitatu. Alimkabidhi mkwe sabuni, akamwelekeza namna ya kumpaka mtoto mpaka nyuma ya masikio, kisha akakikunja chandarua na kukitupia juu ya kabati. Alisema kinamnyima mtoto hewa.

Mvua zilipoanza, mtoto akashikwa na homa. Ilipanda ghafla hadi akapata degedege, akalazwa, akaongezewa damu. Alipona, lakini sikio lake la kushoto halisikii tena sawasawa.

Pale wodini, mbele ya akina mama wengine na watoto wao, Baba Mbu alimgeukia mkwe wake. Sabuni imepimwa na wasomi, alimwambia, kwa hiyo kama mtoto ameumwa ni kwa sababu mama yake ni mvivu.

"Aliniambia namwogesha mtoto kama naosha sahani," anakumbuka mkwe huyo, mshonaji wa sare za shule mwenye sauti ya chini. "Watu wote waligeuka kunitazama. Na mimi mtoto nilikuwa nampaka mpaka nyayo. Nikaanza kujiuliza, labda kweli kuna mahali naruka."

Tangu siku hiyo alimwandalia chakula, akamwambia karibu baba, akarudi kwenye cherehani yake. Nyumba ikawa na ubaridi usiosemeka.

Miezi kadhaa baadaye, mkufunzi wa ualimu aliwaleta wanachuo wake kuangalia utafiti unavyofanyika. Ukumbi ulijaa, daktari alikuwepo, mwanahesabu alikuwepo, na Baba Mbu akaombwa aeleze kazi yake. Alikuwa amepiga pasi koti. Wanachuo walimpenda mara moja, maana ana maneno, na kila alipotania walivunjika mbavu.

Msichana mmoja akamuuliza kama huwa anawaonea huruma mbu wanapokaa na njaa.

Baba Mbu akatabasamu. Akasema huruma ipo, tena kubwa, kwani hawa amewalea tangu mayai. Wa utepe mweupe hawamsumbui moyo, kwa kuwa wanakwenda kula mkononi mwa mtu. Ila wa utepe wa kijani wanakwenda kukutana na sabuni, warudi na njaa yao ile ile.

"Sasa hao," akasema, "pamba yao huwa naiacha mpaka asubuhi. Wapate cha kutangulia."

Wanachuo wakacheka. Mwanahesabu hakucheka. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Kikombe chake kilianguka na hakuna aliyeinama kukiokota. Daktari alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili.

"Rudia," mwanahesabu alisema taratibu. "Tangu lini?"

"Tangu mwanzo," akajibu Baba Mbu, bado anatabasamu.

Lo! Wanachuo nao wakaanza kuelewa, wakinong'onezana kwenye viti: mbu wa kijani hawakuikimbia sabuni, walikuwa wameshiba. Kazi yote ile, mikono yote iliyotolewa, ilikuwa ikipima sukari.

Baba Mbu alichelewa kidogo kuelewa, kisha yote yakamwangukia kwa mpigo. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajifunika uso. Daktari alidhani analilia kazi yake. Hakuwa anawaza kazi. Alikuwa anawaza kile chandarua juu ya kabati.

"Nilijua nimeambiwa niondoe pamba, sikujua kwa nini," anasema sasa, macho chini. "Nikaona ni ukatili wa bure. Kumbe nimemchoma mjukuu wangu mwenyewe, halafu nikamsingizia mama yake."

Wengi walitarajia angefukuzwa siku ile ile. Mwanahesabu, ambaye angeweza kumrundikia lawama zote, alikataa.

"Waliohesabu mbu tuliwaficha maana ya utepe," anasema. "Anayewatunza mbu tukamwacha aijue. Hilo ni kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na tumelifanya sisi wazima. Bado sijaamka kutoka kwenye mshtuko."

Sabuni zote zilikusanywa, na waliovifungia vyandarua vyao kabatini wakaambiwa wavirudishe. Jaribio likarudiwa, safari hii vizimba vikiwa na alama ambazo mwanahesabu pekee ndiye anayejua maana yake. Baba Mbu aliomba awe wa kwanza kutoa mkono. Alinawa sabuni mpaka kiwiko, akauingiza kizimbani, na mbu wenye njaa wakamvamia bila hata kusita. Anasema amekwisha kuumwa na mbu wasiohesabika, lakini wale tu ndio waliomuuma kweli.

Siku hiyo alirudi nyumbani na mkono umevimba, akamkuta mkwe kwenye cherehani. Akamweleza mwanzo hadi mwisho, amesimama, hakukaa. Akapanda kwenye kigoda ashushe chandarua. Juu ya kabati hakikuwepo.

"Nakitundika tangu siku tuliyotoka hospitali," mkwe akamwambia. "Kila ukishalala. Asubuhi nakitoa kabla hujaamka, nakificha kwenye vitambaa vyangu, usije ukasema sikuamini kazi yako."

Mzee anasema kuliko maneno hayo, afadhali angetukanwa.

Utafiti haujafa. Daktari ana mchanganyiko mpya, na Baba Mbu anaendelea kuwaandaa mbu, wenye njaa wote, na akikutana na mwanahesabu kwenye korido hutania kwamba hataki kuambiwa alama za vizimba zina maana gani. Mkufunzi naye amemwomba azungumze na wanachuo kila muhula, wajue kosa linavyoweza kuingia na sura ya wema.

Alikataa mara mbili. Sasa amekubali, kwa sharti moja: mkwe wake akaribishwe, aketi mahali anapoonekana. Alimwaibisha mbele ya watu, anasema, kwa hiyo hawezi kumwomba radhi jikoni.

"Nitawaambia niliwahurumia mbu, mkwe wangu nikamnyima," anasema, akiutoa mkono kizimbani taratibu asimbane hata mmoja.

Mkwe aliliwaza jambo hilo kwa siku kadhaa. Jibu lake alilitoa jana, akiwa amempakata mtoto, uzi bado uko mdomoni.

"Nitakuja naye, baba," alisema. "Ila watupe viti vya upande wa kushoto wa ukumbi. Tukikaa pale, sikio lake zima litakuelekea wewe."