Jembe Mkononi mwa Binti Yangu

Hadi leo nikiikumbuka ile Jumamosi, damu inanichemka.

Mwaka 2015 tulikuwa tunakaa South End, Louisville, hapa Marekani. Mume wangu alifanya kazi kiwandani, mimi ghalani zamu ya jioni. Binti yetu mkubwa alikuwa na miaka minane. Tangu tufike kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania alikwenda shule kila siku, na kila siku alirudi na picha aliyoipaka rangi. Mwanzoni nilizibandika ukutani kwa fahari. Baadaye nikajiuliza, wenzake wanasoma nini? Basi nikaenda kumchukua kabla ya muda. Nilimkuta nyuma ya darasa peke yake na kalamu za rangi, wenzake wako mbele wanasoma hadithi. Mwalimu akanitabasamia, akasema mtoto wangu ni mtulivu sana, hasumbui.

Hasumbui! Mtoto aliyekuwa akigombana na mbuzi wa jirani kule kambini mpaka mbuzi wanamkimbia! Sasa hata nyumbani alikuwa ameacha kuongea, anaitikia kwa kichwa. Walikuwa wamemzima kama koroboi, halafu wananisifia giza.

Nikamtoa. Mama mmoja wa kanisani alinieleza kwamba hapa mzazi anaruhusiwa kufundisha mwanawe nyumbani, na taratibu nikazifuata zote. Sikuwa nabahatisha. Kambini nilifundisha darasa la kwanza chini ya turubai, vitabu hakuna, tukihesabu kwa visoda na kuumba herufi kwa udongo. Hapa nilikuwa na meza, bomba la maji na dirisha lenye jua. Nishindwe na nini?

Asubuhi tulipima unga kwa vikombe: nusu, robo, robo tatu. Aliisoma mifuko ya mchele na chupa za mafuta. Kichwa cha mdogo wake alikigawa mistari kwa kitana kabla sijamsuka, na mistari isipolingana anafumua, anaanza upya. Tukaweka harage kwenye gilasi juu ya karatasi yenye maji. Mzizi ulipotoka akaipindua gilasi kichwa chini. Siku chache baadaye alinijia jikoni, akaninong'oneza sikioni.

"Mama, kwa nini mzizi unageuka tena kwenda chini? Nani kauambia?"

Nilikaa sakafuni nikalia. Mbele ya watu alikuwa bado bubu, lakini mimi nilikuwa nimeulizwa swali.

Baridi ilipokwisha, mwenye nyumba alituruhusu tulime kipande nyuma ya jengo. Tukapanda maharage na lengalenga, mchicha wa kwetu. Alijitengenezea kamba yenye fundo kila shubiri, akawa anapima kila shina na kuniambia lipi limempita mwenzake. Jumatano moja nilimpiga picha, jembe mkononi, matope mpaka magotini, nikaituma kwenye kundi la ukoo. Nilidhani watafurahi.

Aliyejibu wa kwanza ni shemeji yangu wa Buffalo, kaka mkubwa wa mume wangu. "Saa za shule, mtoto ana jembe?" Basi. Kwetu sisi tuliokulia kule, mwanafunzi mwenye jembe saa za masomo maana yake ni moja: analima shamba la mwalimu. Simu zikaanza. Eti nimemfanya mtoto kijakazi. Eti tumekimbia vita ili watoto wasome, mimi namrudisha shambani.

Mwezi wa saba shemeji akaja mwenyewe. Alipitia Columbus kumchukua wifi yangu, wakafika Jumamosi mchana. Nilipokwenda kupokea mizigo niliona kwenye kiti cha nyuma cha gari lao blanketi jipya la mtoto, la waridi. Yaani walikuwa wameshaamua njiani! Kikao chenyewe kilikuwa cha kutusomea hukumu.

"Mtoto ni wa ukoo," shemeji alisema baada ya sala. "Nitakwenda naye Buffalo, akaanze shule kule na watoto wangu. Mchelea mwana kulia, hulia yeye."

Mume wangu aliangalia zulia. Kaka mkubwa akisema, mdogo hainui uso, najua. Lakini siku hiyo lile zulia nilitamani kulichoma moto.

"Mimi nilimlimia mwalimu mihogo," shemeji aliendelea. "Mihogo akala yeye. Kusoma nimejua nikiwa na mke."

Ilikuwa kweli, na iliniuma. Hasira yangu haikupungua hata chembe.

"Shemeji, pole," nikasema. "Lakini mwaka mzima huyu mtoto anapaka rangi peke yake nyuma ya darasa, nani alipiga simu kutoka Buffalo? Nani alitoka Columbus?"

"Wifi, punguza sauti," wifi akasema.

"Sipunguzi!"

Binti yangu aliingia kutoka bustanini, kamba yake ya mafundo shingoni. Alipiga goti, akaamkia. Shemeji akamwambia kwa upole akusanye nguo zake, kesho wanasafiri.

"No," alisema.

Wifi akajishika mdomo. Mtoto akarudia kwa Kiswahili: "Siendi, baba mkubwa. Maharage yangu hayajakauka."

Kwetu mtoto akimjibu mkubwa katikati ya kikao, kofi humfikia kabla hajamaliza, na wa kulitoa ni mama yake. Wote wakanigeukia. Hata mume wangu aliinua macho kutoka kwenye zulia, akanitazama mkono.

"Rudia," nikamwambia mwanangu. "Kwa sauti, baba yako mkubwa asikie vizuri."

Akarudia, na safari hii hata jirani wa juu alisikia.

Kesho yake waliondoka wawili, kama walivyokuja. Blanketi lilikuwa pale pale kwenye kiti cha nyuma, halijakunjuliwa.